Pambano Lisilo na Dau: Dalili, Visababishi na Namna ya Kurekebisha Mapambano ya Manga Ndefu

Mwongozo huu umetokana na malalamiko ambayo wasomaji wa manga (hadithi za michoro za Kijapani) za mapigano huyarudia kwa maneno yanayokaribiana mno: kwamba michoro ni mizuri, adui anatisha, mapigo yamepangwa kwa ustadi, na bado wao wanapekua kurasa kama mtu anayepekua gazeti la jana. Umekusudiwa kwa anayetunga au kuhariri mfululizo uliokwisha kuvuka sura hamsini au mia, kwa sababu kasoro hii haijitokezi mapema. Katika sura za mwanzo kila pambano hubebwa na ugeni wake. Msomaji hajui shujaa ana uwezo gani wala adui anaficha nini, na kutojua huko kunatosha kumvuta. Akishaona mapambano ishirini huanza kuuliza, pengine bila kujitambua kwamba anauliza, ni nini hasa kinachopiganiwa.

Neno nitakalolitumia ni dau, lile lile la kamari: kitu ambacho mchezaji amekiweka mezani na ambacho hakitarudi mfukoni iwapo mchezo utamgeukia. Nalipendelea kuliko neno hatari, kwa kuwa hatari yaweza kuwa kubwa kupindukia bila mtu yeyote kuweka kitu mezani. Kimondo kinachoikaribia dunia ni hatari. Mwalimu anayelazimika kupigana na mwanafunzi wake mbele ya wanafunzi wengine, ambaye akishinda atampoteza huyo mmoja na akishindwa atawapoteza waliobaki, huyo ameweka dau.

Kipimo cha awali

Kabla ya kwenda kwenye dalili yoyote, fanya kipimo kisichohitaji hata kuchora. Andika sentensi moja inayoeleza hali ya asubuhi ya kesho yake ikiwa shujaa ameshinda, na nyingine inayoeleza asubuhi hiyo hiyo ikiwa ameshindwa. Iwapo sentensi ya pili inasema tu kwamba shujaa amekufa na hadithi imekwisha, dau hakuna, kwa sababu mfululizo wenye juzuu thelathini hauishi katikati ya juma bila taarifa, na msomaji analijua hilo vizuri kama wewe. Iwapo sentensi zote mbili zinafanana, dau hakuna vilevile. Iwapo zinatofautiana kwa namna inayokufanya usite kidogo kuchagua ipi uichore, pambano ni zima, na kasoro unayoisikia huenda iko mahali pengine.

Dalili ya kwanza: Wasomaji wanaruka kurasa za pambano

Hili ndilo lalamiko linaloletwa zaidi, na kabla ya kulaumu dau hakikisha kwamba kosa si la mchoro. Funika viputo vya maneno, mpe kurasa hizo mtu asiyeijua hadithi, kisha umuulize nani amesimama upande gani, nani amepigwa, na pigo limetoka wapi. Akishindwa kujibu, tatizo lako ni mpangilio wa fremu na nafasi za miili, na hakuna sehemu nyingine ya mwongozo huu itakayokusaidia mpaka hapo parekebishwe. Akijibu vizuri na bado akapiga miayo, endelea.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni dau lililotajwa kwa kuchelewa. Pambano linaanza katika sura ya 112, adui anaangushwa katika sura ya 117, na katika sura ya 118, akiwa chini anahema, ndipo kinapoletwa kisengerenyuma cha utoto wake, kijiji chake kilichoungua na dada aliyemwahidi kurudi. Mtunzi anaamini kwamba kisengerenyuma hicho kitayapa uzito mapigo yaliyotangulia. Hakifanyi hivyo. Msomaji hupima kila pigo kwa anachokijua wakati anapolisoma, na huruma inayofika baada ya kengele ya mwisho humfanya asikitike kidogo, basi.

Niliwahi kuletewa rasimu ya kurasa kumi na tisa iliyokuwa na kasoro hii hasa. Wapiganaji wawili wa panga walikuwa juu ya daraja la kamba, mvua ikinyesha, na mchoraji alikuwa na mkono wa kuonewa wivu. Kila uzi wa kamba ulionekana ukikatika. Nilifika ukurasa wa kumi na saba bila kujali nani angeanguka. Hapo ndipo ilipofichuliwa kwamba adui alikuwa akililinda daraja kwa sababu nyuma yake walilala majeruhi wa kikosi chake wasioweza kutembea. Nilimwomba mchoraji aondoe maelezo hayo yote na kupeleka fremu moja tu kwenye ukurasa wa pili, bila neno lolote: safu ya nyayo zilizotokeza chini ya mablanketi, nyuma ya mgongo wa adui, na kidole kimoja cha mguu kimekunjwa kuonyesha kwamba mwenyewe yu hai. Hakuna pigo hata moja lililochorwa upya. Lakini kuanzia hapo kila hatua ambayo adui alirudi nyuma ilipimika kwa umbali uliobaki kufikia nyayo zile, na shujaa naye, ambaye aliziona wakati mmoja na sisi, akawa na jambo la kuamua kila alipoinua upanga.

Kisababishi cha pili ni dau lisilo na sura. Inasemwa kwamba ulimwengu mzima utaangamia, na ulimwengu mzima ni neno, si mtu. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na kwa mtunzi wa manga methali hiyo ni kipimo cha kazi: zitafute nyasi za pambano lako. Je, zina jina? Je, msomaji amewahi kuziona zikifanya jambo lisilohusu vita, kama kubishana juu ya zamu ya kuosha vyombo? Ikiwa jibu ni hapana, usianze kuongeza miji inayobomoka; rudi sura tano nyuma ukapande jani moja.

Kisababishi cha tatu ni pambano lisilo na mwenyewe. Mtoe shujaa, mweke rafiki yake mahali pake, kisha usome upya. Iwapo kinachobadilika ni mbinu tu, upanga ukawa moto na moto ukawa upepo, basi pambano hilo si la mtu yeyote. Marekebisho yake ni kutafuta ni nani kati ya wahusika wako ambaye kushinda kungemgharimu zaidi, na kumpa yeye nafasi hiyo, hata kama wasomaji wamezoea kumwona mwingine mbele.

Na mara chache, ingawa si chache kama watunzi wanavyopenda kuamini, pambano halikuhitajika kabisa. Dawa yake ni kulifuta. Ni marekebisho rahisi kuliko yote na ndiyo ambayo sijawahi kumwona mtu akiyakubali siku ya kwanza.

Dalili ya pili: “Stelingi hafi”

Msomaji huisema kwa utani, lakini anachoripoti ni kasoro halisi: anajua shujaa atashinda, kwa hiyo anasubiri tu kuona kwa njia gani. Wengi wakisikia lalamiko hili hukimbilia kuongeza majeraha, damu na fremu za shujaa akiwa amefumba macho. Hilo ni sawa na kuongeza sauti ya redio iliyokosa stesheni.

Kisababishi kikuu ni kwamba uhai wa shujaa ndicho kitu pekee kilichowekwa mezani. Angalia pambano la Luffy na Usopp katika One Piece, mfululizo ambao Eiichiro Oda ameuchora tangu 1997. Mafundi wa meli wamethibitisha kwamba mkuku wa Going Merry umevunjika na meli haitengenezeki tena. Luffy kama nahodha ameamua kuiacha. Usopp, anayeipenda meli hiyo kama mtu, anakataa, anajitoa katika kundi na kumwita Luffy kwenye pambano la wawili ambalo mshindi ataichukua. Hakuna msomaji hata mmoja anayedhani Usopp anaweza kumshinda Luffy. Usopp mwenyewe hadhani. Hata hivyo ni miongoni mwa mapambano yanayouma zaidi katika hadithi hiyo yote, kwa kuwa kila hila ya Usopp, kila unga na kila mlipuko, ni kumbukumbu ya safari yao inayotupwa usoni mwa rafiki. Luffy anashinda, anaondoka huku machozi yakimtoka na kulalamika kwamba ni zito, naye mwenzake Zoro anamjibu kwamba uzito huo ndio unahodha. Aliyeshinda ndiye aliyepoteza. Kujua matokeo hakukupunguza kitu, kwa sababu swali halikuwa nani ataanguka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni rahisi: chukulia kwamba ushindi wa shujaa umeshatangazwa kwenye jalada, kisha uulize ni kitu gani kingine bado hakijulikani. Ikiwa hakuna, ongeza dau la pili lililo tofauti na uhai: ahadi, heshima, urafiki, siri, mkono wa kulia, imani yake kwamba yeye ni mtu mwema. Katika Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, Roy Mustang anapomkabili Envy, muuaji wa rafiki yake, nguvu hazilingani hata kidogo; Mustang anamteketeza adui mara kwa mara bila shida. Taharuki yote imehamia kwa msaidizi wake Hawkeye, aliyesimama nyuma yake na bastola, kwa kuwa kinachoweza kupotea pale ni Mustang mwenyewe, yaani aina ya mtu atakayetoka humo akiwa ameshinda.

Kisababishi kinachofuata ni kupima ushindi kwa aliyebaki wima. Kimetsu no Yaiba ya Koyoharu Gotouge inatoa mfano ulio wazi: Rengoku, mwinda mapepo, anakufa, pepo Akaza anakimbia jua likichomoza, na shujaa Tanjiro anamfuata kwa kelele akimwambia kwamba Rengoku hakushindwa, kwani abiria mia mbili wa treni wako hai. Kelele zile zingekuwa kujifariji tu kama tusingalikuwa tumehesabiwa abiria hao mapema na kuambiwa kwamba kazi ya usiku huo ni wao. Weka kipimo cha ushindi kabla ya pambano, na kisiwe kumwangusha mpinzani.

Kisababishi cha mwisho, kilicho kirefu kukitengeneza, ni shujaa ambaye hajawahi kushindwa jambo lolote la maana. Naruto alimwahidi Sakura kwamba atamrudisha Sasuke, mwenzao aliyekihama kijiji chao, akapigana naye kwa nguvu zake zote, na akashindwa kumrudisha. Kushindwa huko kuliendesha hadithi ya Masashi Kishimoto kwa miaka mingine mingi mpaka ilipoisha mwaka 2014. Katika Hajime no Ippo ya George Morikawa, inayoendelea tangu 1989, vifo havitafutwi kabisa. Bondia anaweza kupoteza mkanda, kasi ya mikono, au haki ya kupanda tena ulingoni, na Ippo mwenyewe alifika mahali akastaafu kwa hofu ya madhara ya ngumi alizokwisha kupigwa. Kijana aliyeanza ndondi ili ajue kuwa na nguvu kunahisije, kisha akaziacha kabla ya kupata jibu, ni dau lililolipwa kwa ukamilifu.

Onyo: usimuue mhusika mpendwa kwa lengo la kuthibitisha tu kwamba unaweza. Msomaji atakuamini kwa sura tatu, kisha ataanza kuhesabu nani anafuata, na hesabu hiyo ni baridi zaidi kuliko ile ya stelingi hafi. Ukijikuta umeamua kifo kabla hujajua kitabadilisha nini kwa waliobaki, acha kalamu na umpigie mhariri.

Dalili ya tatu: Kila adui ni mkubwa kuliko wa jana, na hamu inapungua

Katika Dragon Ball, ambayo Akira Toriyama aliichapisha kuanzia 1984 hadi 1995, kuna kifaa kinachovaliwa jichoni ambacho husoma nguvu za mtu kwa tarakimu. Mkulima aliyekutwa shambani na bunduki yake anasomeka 5. Shujaa Goku anaporudi kumkabili adui Nappa anavuka 8,000, ingawa wengi huikumbuka kama 9,000 kutokana na anime (katuni ya televisheni) ya Kiingereza. Adui mkubwa zaidi, Frieza, akiwa bado katika umbo lake la kwanza, anajitangazia 530,000. Safari yote hiyo ilichukua chini ya miaka mitatu ya uchapishaji, na baada yake vifaa hivyo vikakaribia kutoweka katika hadithi. Naona ilikuwa busara kuviacha. Namba hizo zilikuwa na ladha zilipotumika kwa mzaha na kwa mshangao, adui anapogundua kwamba kifaa chake kinamdanganya. Zilipogeuka kuwa ngazi, kila daraja jipya lilifuta lililotangulia.

Kisababishi cha kwanza cha dalili hii ni kutumia ukubwa badala ya dau. Jaribu kuandika orodha ya maadui wako wakuu watatu wa mwisho bila kutaja nguvu zao. Ikiwa huwezi kuwatofautisha kwa wanachokitaka, umechora adui mmoja mara tatu katika saizi tofauti. Kisababishi cha pili ni mazingira ya kazi yenyewe. Jarida la Weekly Shonen Jump, kwa mfano, limekuwa likipima mvuto wa kila hadithi kwa kura za wasomaji, na hadithi inayoteleza chini hukatizwa. Pambano kubwa hupandisha kura haraka, kwa hiyo mtunzi hukopa ukubwa kutoka pambano lijalo ili kuliokoa la wiki hii. Deni hilo hulipwa na yeye mwenyewe juzuu mbili baadaye. Kisababishi cha tatu ni mfumo wa nguvu usio na bei.

Rekebisha kwa kubadili aina ya bei badala ya kiasi chake. Yoshihiro Togashi katika Hunter × Hunter alimpa Kurapika mnyororo wenye nguvu za kutisha kwa sharti moja, kwamba akiutumia dhidi ya mtu asiye mmoja wa kundi la Buibui atakufa. Tangu hapo kila anapokutana na adui wa kawaida tunashika roho, na Togashi hakuhitaji kumletea jitu. Na ukitaka kuona tarakimu inayouma kweli, iache 530,000 uitazame 100. Katika Vinland Saga ya Makoto Yukimura, Thorfinn, aliyeacha kuua, anakubali kupigwa ngumi mia moja bila kujibu hata moja ili aruhusiwe kuonana na mfalme Canute na kuzuia vita shambani. Ngumi hizo hazina mbinu yoyote ndani yake. Zinahesabika kwa sababu zinaangukia mwili wa mtu ambaye tunajua angeweza kumlaza mpigaji kwa pigo moja, na nyuma yake wako watu ambao tumekaa nao shambani kwa muda mrefu.

Iwapo mfululizo wako umeshapanda mpaka maadui wanavunja sayari, usijaribu kuushusha kwa sura moja kwa kumnyang'anya shujaa nguvu ghafla. Ngoma iliyokwisha kuvuma hivyo hupasuka. Hapa ndipo penye haja ya kikao cha kweli na mhariri juu ya awamu nzima ijayo, kwa kuwa kinachotengenezwa ni muundo wa hadithi na si pambano.

Dalili ya nne: Kifo hakimuumizi mtu

Angalia kwanza kama kuna mlango wa kurudi. Ikiwa wahusika waliokufa wamewahi kufufuka zaidi ya mara moja, msomaji hatalia, atasubiri. Mlango wenyewe si kosa, mradi una kufuli. Toriyama aliweka sheria kwamba joka la dunia halimfufui mtu ambaye limekwisha kumfufua, na Krillin, rafiki wa Goku, alikuwa ameshafufuliwa mara moja kabla Frieza hajamlipua mbele ya Goku. Ghadhabu iliyofuata ina uzito kwa kuwa wakati ule, kwa tulichokijua sote, kufuli lilikuwa limefungwa. Kwamba baadaye njia nyingine ilipatikana ni jambo la baadaye, na kila njia kama hiyo inapopatikana kufuli linalofuata huaminika kwa kiasi kidogo kuliko la kwanza.

Naruto inaonyesha pande zote mbili ndani ya kisa kimoja. Pain anaiteketeza Konoha, kijiji cha Naruto, anaua wengi akiwemo mwalimu wake Kakashi, kisha Nagato, anayemwendesha Pain, anawarudisha wote waliokufa katika shambulio lile kwa kuutoa uhai wake mwenyewe. Bei imelipwa, hilo nalikubali, ila imelipwa na adui, na kijiji kinaamka kikiwa kimekosa majengo tu. Jiraiya, mwalimu mwingine wa Naruto, aliyeuawa na Pain huyo huyo muda mfupi kabla, hakurudishwa. Ndiyo maana ni kifo cha Jiraiya ambacho watu hukitaja hadi leo.

Kisababishi kisichotazamwa sana ni kwamba kifo kimekuja bila kugharamiwa. Mwaka 1970, baada ya bondia Rikiishi kufa katika Ashita no Joe, mamia ya wasomaji walihudhuria ibada ya mazishi iliyofanyika Tokyo kwa ajili ya mtu wa kuchorwa. Kabla ya pambano hilo Rikiishi alikuwa amejikondesha kwa mateso ili ashuke hadi uzito wa Joe, na wasomaji walimwona akiulipa mwili wake kidogo kidogo, sura baada ya sura, mpaka maji yenyewe yakawa adui. Kisha akashinda pambano, na akafa akiwa mshindi. Kifo chake kilikuwa hesabu ya mwisho ya deni ambalo kila mmoja alikuwa ameliona likikua.

Acha mara moja, usichore ukurasa mwingine, ukitaka kumfufua mhusika ambaye kifo chake kimeshachapishwa na wengine wameshabadilika kwa sababu yake. Marekebisho hayo hugusa kila sura iliyotoka tangu hapo, na hayapaswi kuamuliwa na mtu mmoja usiku wa kuamkia tarehe ya kukabidhi.

Dalili ya tano: Pambano limeisha na hadithi iko palepale

Hii hugundulika kwa kusoma sura inayofuata pambano, si pambano lenyewe. Majeraha yamepona, nyumba zimejengwa, karamu imefanyika, na safari inaendelea. Mara nyingi dau lilikuwepo ila mtunzi amelirudisha mfukoni kimyakimya. Dawa ni kuchagua kitu kimoja ambacho hakitatengemaa na kukiacha kionekane katika shughuli za kawaida: mhusika anayetumia mkono wa kushoto kula, kiti kitupu, jina ambalo hakuna anayelitamka mezani. Katika Naruto, Rock Lee baada ya kupigana na Gaara hakupata hotuba. Alipata mkono na mguu uliosagika, magongo, na operesheni ambayo ingeweza kumuua, na hayo yalitosha.

Dalili ya sita: Wenzake shujaa wamegeuka watazamaji

Wamejipanga ukingoni, wanaeleza mbinu anazozitumia na kushangaa. Wasomaji hulaumu wingi wa wahusika, lakini wingi si kisababishi. Kisababishi ni kwamba hakuna chochote chao kilichowekwa mezani. Mpe mmoja tu kati yao sababu ya kutaka pambano hilo liishe vingine, hata kama ni kinyume na shujaa, na utaona anaacha kueleza.

Dalili ya saba: Pambano haliishi

Kwanza hesabu ni mara ngapi hali ya dau imebadilika. Katika kila sura ya wiki, ambayo kwa kawaida huwa na kurasa kama kumi na tisa, kitu kilichoko mezani kinapaswa kupanda, kushuka, kugeuka au kujulikana upya angalau mara moja. Ukipata sura mbili mfululizo ambazo kilichobadilika ni mkao wa miili tu, ziunganishe. Usiogope kwamba zitabana. Pambano lililobanwa husomwa mara mbili.

Sura zikiwa nyingi hivyo, kisababishi cha kawaida ni hofu ya kinachofuata. Mtunzi hajui hadithi itakwenda wapi baada ya adui huyu, basi anamweka hai. Kipimo chake ni kuandika aya moja ya asubuhi ya kesho yake, kama ile ya mwanzo wa mwongozo. Isipoandikika, simamisha pambano katika rasimu na utatue asubuhi hiyo kwanza. Ukishaijua, mapigo mengi yatajifuta yenyewe.

Kisababishi kingine hakimo ukurasani kabisa. Kurasa za mapigano huhitaji uamuzi mchache kuliko mazungumzo, kwa hiyo mtu aliyechoka huzirefusha bila kujua. Ikiwa mwezi mzima umekuwa ukichora mapigo kwa sababu kichwa hakikuwa na nguvu za kuamua jambo lingine, rekebisha usingizi kabla ya hadithi.

Wakati wa kuacha na kuita mwenye ujuzi

Mwite mhariri kila marekebisho yanapokutaka upinge jambo lililokwisha kuchapishwa, au unapokuwa umelitengeneza pambano lile lile mara tatu na kipimo cha awali bado kinatoa sentensi zinazofanana. Mpe rasimu msomaji asiyeijua hadithi iwapo wewe na mhariri mnabishana kama dau linaonekana. Ninyi wawili mnalijua tayari, na jicho lenu halifai tena kwa kazi hiyo. Ukiombwa urefushe mfululizo kupita mwisho ulioupanga, soma mkataba pamoja na mwanasheria kabla ya kubuni adui mpya.

Na ikiwa vidole vinavyoshika kalamu vimeanza kufa ganzi, au mgongo haukuruhusu kukaa, nenda kwa daktari bila kusubiri tarehe ya kukabidhi ipite. Togashi amezungumza hadharani juu ya maumivu ya mgongo wake, na Hunter × Hunter ilisimama kwa karibu miaka minne kabla ya kurudi Oktoba 2022. Iliporudi iliendelea palepale ilipokuwa imeachwa, ndani ya meli ambamo wahusika wake walikuwa safarini, na kila dau lililokuwa mezani lilikuwa bado mezani.